Sauti Iliyopita Mlango wa Stoo

Asubuhi hiyo Bi Tarumbeta aliamka na hamu ya kumtania jirani yake. Jirani mwenyewe, msusi wa nywele wa nyumba ya pili, alikuwa kasimama getini na beseni la nguo kiunoni, akigonga kwa ukucha, maana kugonga kwa ngumi alikuona ushamba. Bi Tarumbeta akachukua kishikwambi chake, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: "Ingia basi, au unasubiri upigiwe ngoma?" Kisha akabonyeza kitufe cha kijani, kile cha kusemea.

Ikatoka sauti ya msichana. Nyororo, safi, haina mkwaruzo wala pumzi, kama wale wanaokuambia kwenye simu kwamba unayempigia hapatikani kwa sasa.

Jirani alicheka mpaka nguo mbili zikamdondoka.

"Mwenzangu! Umemmeza binti wa nani?"

Bi Tarumbeta hakucheka. Akabonyeza tena. Yule binti akayarudia maneno yale yale, bila kupanda pale pa kupanda wala kushuka pale pa kushuka. Akabonyeza tena, na safari hii akakikandamiza kitufe kwa kidole gumba. Jirani akaona, kicheko kikamfia mdomoni. Akaliweka beseni chini.

"Shoga, si lile tarumbeta lako. Limekwenda wapi?"

Jina la Tarumbeta hakupewa na wazazi wake, alipewa na wagonjwa. Miaka yake yote ya kazi alikuwa mwita wagonjwa wa zahanati. Kazi yenyewe ni kusimama mlangoni kwa daktari na fungu la kadi mkononi, ukiita mmoja mmoja aingie. Benchi zilijaa mpaka nje ukutani, watoto wanalia, jenereta linanguruma, lakini hakuna aliyewahi kupitwa na zamu yake akasema hakusikia. Bwana mmoja aliapa kwamba alisikia jina lake akiwa kituo cha basi, akarudi mbio kumbe anaitwa wajina wake. Sauti ile haikuwa nzuri, tuseme ukweli. Ilikuwa na mchanga ndani yake. Lakini mgonjwa akiitwa nayo alihisi kama kuna mtu anayemjua, na wengine walisimama kwenye benchi maumivu yamekwisha punguka.

Basi ugonjwa nao ulipokuja, haukwenda mguuni wala tumboni. Ulikwenda kukaa pale pale kooni. Madaktari wakamweka chini wakamwambia bila kuzunguka: tukikuachia sauti, uvimbe utakumaliza, tukiutoa uvimbe, sauti inakwenda nao, na utakuwa unapumulia tundu la shingoni. Bi Tarumbeta akasema, "Toeni." Alisema hivyo kwa sauti iliyosikika mpaka chumba cha dawa.

Ndipo binti yake alipokuja na kipaza sauti.

Binti huyo anaitwa Kiherehere tangu utoto, na hajawahi kulikana jina. Anaandika programu za kompyuta, na anaandika kama anavyotembea: mbio, anagonga meza njiani. Alining'iniza mablanketi dirishani, akaegemeza godoro mlangoni ili mwangwi ufe, akamketisha mamake kwenye kiti kisicholia, akamwambia asome. Maneno aliyopewa hayakuwa na kichwa wala miguu. Yalichaguliwa kwa ajili ya milio yake tu.

"Mwanangu," Bi Tarumbeta aliuliza, "huyu panya mweupe anayepanda ngazi na ng'ombe, wanakwenda kufanya nini huko juu?"

"Mama, soma. Usiulize."

"Mimi siwezi kumwita mtu nisiyejua anakwenda wapi."

"Mama!"

Akasoma mpaka koo likawaka moto. Halafu akapelekwa kwenye upasuaji, na alipozinduka mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika kama wa samaki.

Lakini hakukaa bubu. Kidonda hakijakauka, Kiherehere akamletea kile kishikwambi. Unaandika, unabonyeza, na inatoka sauti. Si sauti tu. Ni ile yenye mchanga. Bi Tarumbeta alipoisikia ikitoka kwenye kile kibao, pale kitandani na bandeji shingoni, alilia machozi yakaingia masikioni, na jambo la kwanza aliloandika lilikuwa kumgombeza nesi aliyemmwagia uji.

Kijana wake mkubwa alikuwepo siku hiyo. Huyo wanamwita Taratibu, kwa kuwa hata kuzaliwa alichukua muda wake. Naye ni wa kompyuta, tena ndiye aliyemfundisha mdogo wake. Yeye ndiye aliyeandika kitu ambacho wenye kazi yao hukiita maktaba, ingawa ndani yake hamna kitabu hata kimoja. Ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha andikwa. Mtu anayetaka programu yake iongee haanzi kuifundisha mashine silabi. Anaita jina la kazi kutoka kwenye maktaba, na mashine inaongea. Maktaba ya Taratibu ilikuwa imeenea. Ukipanda lifti, ukienda benki, ukisubiri foleni ya leseni, ile sauti nyororo ya binti inayokutajia namba yako ni kazi ya mikono yake.

Sasa majina katika maktaba hiyo yalikuwa ya aina mbili. Kuna yale yaliyoandikwa kwenye maelezo ya matumizi, ambayo Taratibu aliwaahidi watu kwamba leo yapo na mwakani yatakuwepo. Hayo ni kama kaunta ya duka: mteja anafika, anahudumiwa. Na kuna mengine yanayoanza na kistari cha chini. Kistari chenyewe ni kidogo kuliko kijiti cha kiberiti, lakini wenye kazi yao wanakijua: hapa ni stoo, hapa ni mambo yangu ya ndani, nikitaka nitapanga upya, nikitaka nitatupa, na sina haja ya kumwarifu mtu. Mlango wa stoo hauna kufuli. Mtu akitaka kuingia ataingia. Kinachomzuia ni adabu tu.

Kaunta ilitoa sauti chache za kuchagua, zote za watu wasiokuwepo. Kufinyanga sauti ya mtu fulani, mwenye mamake na kikohozi chake, ilikuwa kazi ya stoo, tena haijaiva. Na yenyewe haikufanyika ndani ya kishikwambi. Ilifanyika kwenye mashine kubwa za kazini kwa Taratibu. Kishikwambi kilikuwa kinatuma maneno na kuletewa sauti. Kiherehere aliliona jina hilo, akaona kistari chake, akaliita.

Taratibu aliposikia mamake akimgombeza nesi, alijua papo hapo. Alimvuta mdogo wake pembeni ya kitanda.

"Umeingia stoo."

"Nimeingia."

"Jina lile si la kutumia. Siku moja nitaliondoa."

"Utaiondoa sauti ya mama yako?"

Taratibu alinyamaza. Bi Tarumbeta aliyaona hayo yote kutoka kwenye mto wake, na alikikumbuka kimya kile kuliko maneno. Mwisho Taratibu akasema, "Nitakujengea mlango wa mbele. Kisha uhame." Akaahidi. Lakini kazi zikaja juu ya kazi, ahadi ikawekwa chini ya nyingine, na Kiherehere hakumkumbusha, maana sauti ilikuwa inatoka, na chumba kinachokaa vizuri nani anakihama?

Hivi ndivyo walivyoishi mpaka asubuhi ya jirani na beseni.

Kiherehere alifika hajafunga vizuri viatu. Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya chakula, akaunganisha kishikwambi, akaanza kuchapa. Bi Tarumbeta alikaa kiti cha pili, ameshikilia kitambaa cha shingoni, kile kinachofunika tundu. Maandishi mekundu yakajaa. Kiherehere akayasoma, akayasoma tena, akaegemea nyuma.

"Jina halipo," alisema. "Amelitoa. Programu ikilikosa inaangukia kwenye sauti ya kaunta. Ndiyo huyo binti."

Akampigia kakake, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nilitaka kuja kuwaambia mwenyewe."

"Sisi tumeshaambiwa na binti yako wa lifti! Mama yuko hapa anabonyeza kama anayepampu maji kisima kikavu!"

"Nilikwambia tangu mwanzo. Jina lina kistari mbele. Unajua maana yake."

"Kistari ni cha watu wa nje. Mimi ni mtu wa nje?"

Kimya kile kile kikaja, safari hii kupitia kwenye simu.

"Nakuja," Taratibu akasema.

Alifika mchana, akavua viatu mlangoni, akamwamkia mamake, akaketi. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Bi Tarumbeta aliandika kwenye kishikwambi, lakini hakubonyeza kitufe. Aligeuza kioo akamwonyesha. Tangu asubuhi alikuwa ameapa moyoni kwamba yule binti hatasema kwa niaba yake tena. Waliotaka kumsikia wangesoma.

Kwenye kioo aliandika: "Kwa nini mwanangu."

"Mama, si wewe tu uliyekuwa unatumia mlango ule," Taratibu alisema. "Na wengine waliuona. Mtu mmoja alichukua sauti ya mama fulani kwenye video ya harusi, akaifinyanga kwa jina lile lile, akapiga simu shuleni: mtoto wangu mtoeni, mjomba wake anamfuata. Mwalimu akamwita mtoto, mtoto akaisikiliza simu, akasema ndiyo, ni mama. Akatoka nje ya geti."

Bi Tarumbeta akaweka mkono kifuani.

"Amepatikana. Mzima. Mlinzi wa duka alimwona analia kwenye gari, akapiga kelele. Lakini mimi nilipigiwa simu na mama yake, Mama. Mama yule halisi. Alitaka tu kujua ni mtu gani aliyeandika kitu kile." Akaisukuma simu yake pembeni. "Nilikifunga siku hiyo hiyo. Nilikuwa nikijua ninamfungia nani mwingine. Nikafunga."

Kiherehere akaondoa mikono juu ya kompyuta. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa desturi yake, "Na mlango wa mbele? Ule ulioahidi?"

"Umeshajengwa. Ndio nimekuja nao."

Uso wa Bi Tarumbeta ukafunguka kama dirisha. Lakini Taratibu hakuwa na uso wa mtu aliyeleta zawadi.

Mlango mpya, alieleza, una bawabu. Sauti yoyote inayotaka kufinyangwa lazima kwanza mwenyewe aikubalie, kwa kinywa chake, saa hiyo hiyo. Mashine inamwandikia maneno ya kusema asiyoyajua kabla, ili mtu asije na kanda ya zamani. Akiyasema, na sauti ikalingana, mlango unafunguka.

"Kwa kinywa chake," Kiherehere akarudia.

"Ndiyo."

"Wewe kaka una akili? Uliyejenga mlango wa kuomba sauti kwa mtu asiye na sauti ni wewe?"

"Nilimjengea yule mtoto wa shuleni."

Kiherehere akaanza kupekua zile sauti za kale, zile za panya na ngazi. Masaa na masaa ya mamake akisoma, akikohoa, akilalamika. Alitafuta mahali ambapo mamake alisema amekubali. Hapakuwepo. Alimsomesha kila mlio wa lugha, lakini kibali hakumwomba, wala kumwomba hakukumpitia akilini. Nani anamwomba mamake kibali? Ya mama unachukua tu, kama unavyochukua kikombe kabatini.

Bi Tarumbeta akavuta kompyuta ya Taratibu upande wake. Akaonyesha kwa kidole: ufungue huo mlango wenu.

"Mama, acha. Hautafunguka."

Akagonga meza. Taratibu akaufungua.

Kwenye kioo yakatokea maandishi: "Mimi ninayesema sasa ndiye mwenye sauti hii, na nimekubali. Kikombe, mvua, ngazi, Jumamosi." Bi Tarumbeta akaketi wima, kama alivyokuwa akisimama mlangoni kwa daktari. Akayasema yote. Midomo yake haikuruka hata neno moja. Kilichotoka ni pumzi, na haikutoka mdomoni. Ilitoka kwenye tundu la shingoni, kitambaa kikapepea mara moja moja. Mashine ikasubiri, ikaandika: "Hatujakusikia. Tafadhali ongea kwa sauti."

Akarudia. Mishipa ikamtoka. Kitambaa kikapepea.

"Hatujakusikia. Tafadhali sogea karibu."

Akasogea karibu. Taratibu alifunga kompyuta kwa viganja viwili, polepole, akaiinamia, mabega yakawa yanamtikisika. Mamake akampapasa kichwa, kile kisogo chake kilichokuwa bapa tangu uchanga.

Alipotulia, alisema yuko tayari kwenda kuwakabili wenzake kazini. Mlango ule haukuwa wake peke yake, waliapa pamoja kwamba hakuna atakayepitishwa kwa kujuana, hata wao. Lakini angeomba ijengwe njia ya watu kama mamake: daktari athibitishe, mwenye sauti aandike kwa mkono mbele ya mashahidi, na masikio ya watu yapime badala ya mashine.

"Watakubali?" Kiherehere aliuliza.

"Nitakaa pale mpaka wakubali. Nipe muda tu. Na sikiliza, mdogo wangu." Akamshika mkono. "Usiguse kitu. Nakujua. Ukipeleka sauti ya kuungaunga, bawabu akiigundua, anaihesabu imeibiwa. Haifungi kwa muda. Anaifuta, na kuwaarifu wenye maktaba nyingine zote wasiipokee. Hata mimi siwezi kuirudisha. Tulifanya hivyo makusudi."

"Nimesikia, Bwana Sheria."

"Umesikia au umeitikia?"

"Nimesikia, kaka."

Akaondoka. Zikapita siku, simu zake fupi: bado tunazungumza, wengine wanaogopa, kesho tena. Bi Tarumbeta alikuwa na subira. Amezoea watu wanaosubiri. Lakini nyumba ilikuwa imepoa. Jirani alikuja, akasoma kwenye kioo, akajibu, akasoma tena, na kwa kuwa kusoma kunachosha akawa anaondoka mapema. Mtoto wa Kiherehere hakuwepo, hajazaliwa. Lakini Bi Tarumbeta alianza kumfikiria huyo ambaye hayupo, kwamba atakuja duniani na bibi atakayemwita kwa sauti ya lifti.

Kiherehere naye alikuwa amehamia pale, eti kumwangalia mama. Mchana alijifungia chumba cha nyuma. Na siku moja Bi Tarumbeta, akiwa anachambua mchele, alijisikia mwenyewe.

"Mi. Mimi. Ninaye. Ninayesema."

Sinia likamtulia mapajani.

"Ki. Kiko. Kikombe."

Alisimama akaenda mpaka mlango wa chumba cha nyuma. Alijua maana yake. Binti yake alikuwa anakatakata zile sauti za kale na kuzishona upya, kiraka kwa kiraka, afanye kibali. Bi Tarumbeta aliinua mkono agonge. Hakugonga. Alisimama pale mkono uko juu, akisikiliza ule mchanga ukimwagika kutoka chini ya mlango, sauti yake, ikitafuta kusema kitu chenye maana. Na alisimama muda mrefu kuliko alivyopaswa.

Kiherehere alipofungua alimkuta hapo hapo.

"Mama! Umesikia? Si imekaa?" Macho yalikuwa yanamwaka. "Na sitabahatisha. Njoo uone. Kaka ana jina jingine humu ndani, lile analotumia bawabu kupimia. Lina kistari, najua, najua. Lakini nimeliita hapa hapa nyumbani, nikalipa sauti niliyoiunga. Unaona limesema nini? Sauti hai. Limeniambia sauti hai, Mama! Kila mara! Kifaa chake mwenyewe! Mashine ikitoa maneno yake nitayaunga humo humo, mkono wangu ni mwepesi."

Bi Tarumbeta alitazama yale maandishi ya kijani.

"Kaka amesema tusubiri. Alisema hivyo hivyo siku ile ya bandeji, na tulisubiri nini? Lakini ya safari hii sichukui tu." Kiherehere akapiga magoti mbele ya mamake, kama mtoto anayeomba kwenda kucheza. "Nakuuliza wewe mwenyewe. Nipeleke?"

Kishikwambi kilikuwa mkononi mwa Bi Tarumbeta. Angeweza kuandika neno moja: subiri. Herufi sita tu. Alimtazama binti yake, akatazama kile kioo, masikio yake bado yamejaa ile sauti. Akatikisa kichwa: ndiyo.

Kiherehere akaufungua mlango wa mbele. Maneno yakatokea, akayashona mbio, vidole vyake havionekani. Akatuma.

Sasa, lile jina la kupimia alilolitegemea lilikuwa la stoo kama lile la kwanza. Hakuna aliyemwahidi kwamba lingebaki lilivyo. Kwenye nakala iliyoko nyumbani lilikuwa lile la zamani. Kule kazini Taratibu alikwisha libomoa na kuliandika upya, likawa kali zaidi, juma lile lile la mtoto wa shuleni, na hakumwarifu mtu, kwa kuwa si jina la kumwarifu mtu.

Jibu halikuchelewa. Kiherehere alilisoma, na rangi ikamtoka usoni. Akageuza kompyuta ili mamake asome mwenyewe. "Sauti hii imewasilishwa kwa udanganyifu. Imefutwa na haitapokelewa tena."

Taratibu alikuja siku iliyofuata, saa za jioni jua halijazama. Safari hii hakuvua viatu. Aliingia mbio, yeye aliyekuwa hakimbii hata mvua ikinyesha.

"Wamekubali!" alisema tangu mlangoni. "Mama, wamekubali wote! Hata yule mzee mbishi! Daktari anaandika barua, wewe unaandika kwa mkono wako, basi! Lete ile kompyuta, wewe Kiherehere, mbona umenuna? Leo utampigia kelele jirani, Mama, utamgombeza mpaka ahame!"

Alikwisha kaa, amekwisha fungua. Kiherehere alikuwa amesimama ukutani.

"Kaka."

"Subiri, naingiza..."

"Kaka, usifungue."

Taratibu alifungua. Akasoma. Akatazama tarehe. Akamtazama mdogo wake, na kwa muda uso wake ulikuwa wa mtoto mdogo kabisa.

"Jana," alisema. "Jana! Nilikuwa nimekaa mbele yao nikiwaambia dada yangu ni mtu wa kuaminika. Maneno hayo hayo. Jana."

"Kipimo chako kilisema sauti hai!"

"Kipimo gani?"

Kiherehere akalitaja lile jina.

"Lile lina kistari!" Taratibu alipiga kelele ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia kwake. "Lina kistari! Mara ngapi? Unaingia stoo ya mtu, unakuta dawa kwenye chupa isiyo na jina, unampa mama yako anywe!"

"Ungeujenga ule mlango ulipoahidi, ningeingia stoo mimi? Miaka, kaka! Wewe na taratibu zako! Umewajengea mabenki yote, mama yako umemweka wa mwisho!"

"Umemuua mara ya pili."

"Usiniambie hivyo! Wewe ndiye uliyeandika cha kumfutia!"

Bi Tarumbeta alikuwa anaandika. Kidole kimoja, na herufi zinakataa. Aliandika: "Ni mimi niliyekubali." Akageuza kioo akakiinua mbele yao. Hawakukitazama. Walikuwa wanatazamana. Akakisogeza kati yao. Taratibu akakisukuma pembeni kwa mkono bila kujua anachosukuma, kama mtu anavyosukuma pazia. Bi Tarumbeta akapiga makofi. Walidhani anawasihi. Zamani angewanyamazisha wote wawili na jirani juu yake kwa neno moja, na lingebaki la kusaza.

"Sitakuja tena kukiwa na huyu," Taratibu alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imepoa, ambayo ni mbaya zaidi. "Mama, nisamehe. Siwezi kumtazama. Siwezi."

Akatoka. Kiherehere akateleza na ukuta mpaka chini, akaficha uso magotini.

Bi Tarumbeta alimfuata mwanawe. Kupumulia shingoni hakukuruhusu kukimbia. Kufikia getini alikuwa anafoka kama birika, na Taratibu alikwisha fika mbali, kule mtaa unakopinda penye duka la vyuma, mabega yamepanda. Watu walikuwa wanarudi kutoka makazini. Bi Tarumbeta akaegemea nguzo ya geti, akaandika, akifuta, akiandika: "Mwanangu rudi. Ni mimi niliyekubali." Akapandisha sauti mpaka mwisho. Kiapo chake akakiacha pale pale getini, akabonyeza kitufe cha kijani.

Sauti ya binti ikatoka, kubwa, nyororo, ikajaza mtaa. "Mwanangu rudi. Ni mimi niliyekubali."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mkoba akachungulia simu yake mwenyewe, akaona si yake, akairudisha. Mwanamume wa upande wa pili akapapasa mfuko wa shati. Taratibu hakugeuka. Sauti ile alikuwa akiisikia tangu asubuhi mpaka jioni, kwenye lifti, benki, stendi, kila mahali alipokwenda. Aliifanya yeye mwenyewe, na masikio yake yalikwisha kuzoea kuipita.

Bi Tarumbeta akabonyeza tena. Akabonyeza tena. Taratibu alifika penye duka la vyuma, akakata kona.